Usiunyoe ukoka kipara Januari

Mwaka wa kwanza tulipohamia Kigamboni, nilitaka ua wetu ufanane na uwanja wa mpira. Januari, jua limekolea, nikamwambia kijana wa mashine akate majani hadi chini kabisa ili nisimwite tena mwezi mzima. Alipoondoka nikarusha urea, nikanyunyizia maji kidogo. Wiki haikuisha, ukoka ukawa na mabaka kama ngozi ya fisi. Urea ni nitrojeni asilimia 46. Ukiimwaga juani kwenye majani yenye kiu, inayaunguza.

Siku hizi kiangazi sikati zaidi ya theluthi ya urefu wa jani, na nabakiza kama sentimita 5 ili udongo upate kivuli. Namwagilia asubuhi, mara mbili kwa wiki, lakini kwa kushibisha. Baadaye nafukua kidogo kwa kijiko. Kama unyevu haujafika kina cha kidole, narudisha mpira wa maji. Ukinyunyizia kidogo kidogo kila jioni, mizizi hubaki juujuu na jua likizidi ukoka hauna pa kushika. Sisi wenye visima vya chumvi tutaona ncha za majani zikikauka hata hivyo. Dawa yake ni mvua ya kuusuuza udongo.

Mbolea basi inasubiri masika yaanze, mwezi Machi hivi. Vizibo viwili vya soda kwa mita moja ya mraba vinatosha, siku ya manyunyu. Mvua ikiwa ya kumwaga, mbolea yako inaenda kumneemesha jirani.

Samadi ndiyo iliyonitia adabu. Nilinunua ya kujaza kirikuu kizima, kale kagari ka mizigo, kwa bei rahisi, bado mbichi na inanuka, nikaitandaza ua mzima. Baada ya mvua mbili tatu zikachomoza ndago, yale magugu sugu, kila mahali. Nikazishambulia kwa jembe kwa hasira, zikaongezeka! Mzee mmoja anayeuza miche kando ya barabara alicheka aliposikia. "Mama, wewe ulinunua ndago, samadi ukapewa nyongeza."

Akachomoa moja akanionyesha. Chini ya jani kuna vijiazi vyeusi, vimeungana kwa nyuzi kama shanga. Jembe linakata uzi, na kila kijiazi kilichobaki peke yake kinachipua mmea wake. Kwa hiyo ngoja udongo ulainike kwa mvua, chimba kwa uma, ufuate uzi taratibu hadi kijiazi cha mwisho. Usivitupe kwenye lundo la mboji. Anika kwenye bati mpaka vikauke kabisa. Na samadi nunua iliyooza vizuri, inayonuka udongo badala ya zizi.

Mengine ni madogo. Michongoma naipunguza kabla ya masika, nikiwa na glavu. Visahani vya chini ya vyungu vya maua navimwaga maji msimu wote wa mvua, maana dengi ya 2019 hapa Dar sijaisahau. Chini ya mwarobaini niliacha kubembeleza ukoka, haupendi kivuli. Nimepanda yale majani mapana wanayoyaita Pemba. Kipupwe, Juni hadi Agosti, namwita kijana wa mashine mara chache tu.

Masika yaliyopita nilijaza nusu ndoo ya vijiazi. Karibu na bomba ndago bado zinanichungulia.