ALT ya mzee imeshuka, ila angalia na albumini

Pole kwa kuuguza, dada. Unauliza kama ALT ya mzee (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) kushuka kutoka 180 hadi 38 ni dalili kwamba ini lake lenye makovu limepona. Si lazima. ALT huonyesha seli za ini zinavyoumia. Ini lililochakaa sana laweza kutoa namba nzuri kwa sababu seli zilizobaki ni chache. Mimi kinachonitia wasiwasi ni albumini, protini ya damu, iliyo 26 (kawaida huanzia 35 hivi) na INR 1.8 (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda), maana ini ndilo linalotengeneza albumini na protini za kugandisha damu. Mpelekeeni daktari na majibu ya zamani aone mwelekeo. Hiyo diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo, mzee aiache. Akichanganyikiwa, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, msingoje kliniki ya Jumanne, mkimbizeni hospitali.