Jibu: The Giver kwa binti wa miaka 13

Dada, umeuliza kama riwaya ya The Giver ya Lois Lowry inamfaa binti yako wa miaka 13, na kama ni kweli mhusika mkuu, kijana Jonas, anakufa mwishoni. Mpe asome, ila wewe kisome kwanza. Lugha yake ni nyepesi. Kizito ni pale Jonas anapomwona baba yake, mtu mpole ambaye kazi yake ni kulea vichanga, akimdunga sindano ya kumuua kichwani pacha aliyezaliwa na uzito mdogo kuliko mwenzake, kisha anamtia kwenye boksi na kumtupa, huku akimuaga kwa sauti ya kubembeleza. Kwangu huo ndio moyo wa kitabu: baba hana chuki na mtu, kazoezwa kutii tu.

Wengi hulalamikia mwisho, Jonas na mtoto Gabriel wakiteleza kwenye theluji kuelekea kwenye taa, basi. Kilipotoka mwaka 1993 msomaji aliachwa hapohapo. Lakini Lowry aliandika vingine vitatu, na katika Son cha 2012 Jonas yu hai, mtu mzima mwenye mke na watoto. Hilo usimwambie binti mapema. Mwache kwanza abishane nawe.