Wasomaji wanauliza: Bendi ya lugha ndogo inafikaje redioni?

SWALI: Tuko watatu hapa Majengo, Moshi: gitaa, besi na mashine ya midundo. Tunapiga posti-panki (roki iliyokuja baada ya panki) na tunaimba Kimachame. Tumesikia kwamba Datblygu, bendi ya Wales, walisikika redio ya taifa Uingereza wakiimba Kiwelisi. Walipita mlango gani, nasi tufanyeje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Mlango ulikuwa John Peel, mtangazaji wa muziki wa BBC Radio 1. Datblygu (jina lina maana ya kukua, kuendelea) ilianzishwa Aberteifi mwaka 1982 na David R. Edwards na T. Wyn Davies, Patricia Morgan alijiunga baadaye. Peel hakuishia kupiga rekodi zao. Kati ya 1987 na 1993 waliitwa mara tano kurekodi kwa ajili ya kipindi chake, na hapo ndipo penye uzito. Kwa kawaida bendi iliyoitwa iliingia studio ya BBC, ikarekodi nyimbo nne hivi na kuzichanganya siku hiyohiyo, gharama ikiwa ya redio. Bendi isiyo na hela ilipata fundi mzuri na vifaa vizuri. Kisha nyimbo zilipigwa usiku katikati ya bendi za Kiingereza, bila kutengewa kona ya lugha za asili. Heshima ya namna hiyo ni kubwa kuliko sifa za mtangazaji.

Kwa hiyo msiombe kupigiwa wimbo tu. Mtafuteni mtayarishaji wa kipindi cha muziki cha usiku, mwombeni nusu saa ya kupiga moja kwa moja studioni. Suala la lugha mlitangulize nyinyi: leseni za utangazaji hapa nchini zimesimama juu ya Kiswahili na Kiingereza. Mpeni mashairi yote pamoja na tafsiri ya Kiswahili, mstari kwa mstari. Asiyejua kinachoimbwa atakataa, na ana haki, maana yeye ndiye atakayeulizwa.

Wimbo wa kumwonjesha uwe faili la WAV, 44.1 kHz, biti 16, kilele (sauti ya juu kabisa) kisivuke -1 dB (desibeli). Msiukandamize, yaani msipunguze tofauti ya sauti kubwa na ndogo, ili usikike mkubwa. Mitambo ya kituo huukandamiza tena, na hapo besi na mashine ya midundo huanza kukwaruza. Kama maneno yamezama, punguzeni besi dB 2 au 3 kwenye eneo la 250 Hz kabla ya kupandisha sauti ya mwimbaji. Katika muziki huu mwimbaji mara nyingi anasema zaidi ya kuimba. Maneno yakipotea, wimbo umepotea.

SWALI: Gitaa letu linajaa vizuri kwenye hedifoni, lakini kwenye redio ndogo ya dukani linatoweka. Kwa nini?
Msomaji, Ngarenaro, Arusha

JIBU: Huenda ni korasi ya stereo, ile athari ya pedali ya gitaa inayofanya gitaa moja lisikike kama kadhaa. Athari hiyo hupanua sauti kwa kuchelewesha kidogo upande mmoja, na baadhi ya vifaa hugeuza upande huo kinyume kabisa. Redio yenye spika moja hujumlisha kushoto na kulia, na mawimbi yanayopingana hufutana. Kabla ya kutuma, bonyezeni kitufe cha mono (kinachojumlisha kushoto na kulia) kwenye programu ya kurekodia na sikilizeni kwa spika ya simu. Gitaa likinyong'onyea, lirekodini upya kwa kutumia tundu moja tu la kutolea sauti la pedali.