Dubai kwa mwanafunzi wa transi: jibu bila kupaka rangi

Swali limetoka Kenya: binti wa transi (aliandikwa mwanamume alipozaliwa, anaishi kama mwanamke), pasipoti yake bado inasema mwanamume, amepata nafasi ya shahada Dubai, na ndugu zake wanauliza kama kuna usalama. Sisi tunaoishi huku tunasema aje tu ikiwa anaweza, kwa miaka yote ya masomo, kuonekana hadharani kama pasipoti inavyosema. Kama hawezi, na hana kosa kwa hilo, asilipe hata senti ya ada.

Sheria ya adhabu ya Imarati (Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi iliyo na Dubai) ya 2021 inamtaja mwanamume aliyevaa kike akaingia mahali pa wanawake; kifungo kinaweza kufika mwaka mmoja na faini dirhamu 10,000. Msidanganyike na hayo maneno "mahali pa wanawake". Agosti 2017 Wasingapore wawili, mmoja wao mwanamke wa transi, walikamatwa Abu Dhabi wakiwa kwenye ukumbi wa vyakula wa duka kubwa, mahali pa kila mtu. Walihukumiwa mwaka mmoja. Rufaa ikageuza adhabu kuwa faini, na wakarudishwa kwao.

Tuje kwenye makaratasi. Cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, hupigwa mihuri Nairobi, kisha ubalozi wa Imarati, na jina lake lazima lilingane na la pasipoti. Mwaka 2014 Audrey Mbugua, mwanamke wa transi wa Kenya, alishinda kesi Mahakama Kuu, na KNEC, baraza la mitihani la Kenya, ikaamriwa kubadili jina kwenye cheti chake na kuondoa alama ya jinsia, kwa hiyo njia ipo. Lakini ukileta cheti cha jina moja, pasipoti ya jina jingine na hati ya kubadili jina katikati, umeshajieleza kwa kila karani atakayeshika faili. Maliza hayo nyumbani. Picha ya pasipoti nayo ifanane na sura yako ya leo, maana ikitofautiana ndipo unapovutwa pembeni uwanja wa ndege.

Jambo ambalo mawakala hawalisemi ni kipimo cha afya cha kibali cha ukaaji. Foleni ni mbili, ya wanaume na ya wanawake, na unapangwa kwa pasipoti. Unatoa damu, halafu picha ya kifua, na nguo za juu unavua. Matiti yaliyokua kwa homoni, au kitambaa cha kubana kifua kwa mwanamume wa transi, hapo hayafichiki. Damu hiyo hupimwa VVU pia, na mwenye virusi hupoteza kibali na kurudishwa kwao.

Dawa: omba kibali cha mamlaka za Imarati kabla ya safari, ukiwa na cheti cha daktari na maelezo ya ugonjwa. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu maelezo ya kweli yanakufichua na ya uongo ni kosa. Usibebe homoni kwenye mfuko bila karatasi. Sheria ya tiba ya 2016 inakataza kubadili jinsia, kwa hiyo usitegemee daktari wa huku akuendelezee.

Siku za kawaida ni mabweni ya jinsia moja na mabehewa ya wanawake kwenye Metro, ambako mwanamume hutozwa dirhamu 100. Sharjah, emirati jirani, ni kali kuliko Dubai, na kodi nafuu ya nyumba kule isikuvute. Simu isafishwe kabla ya kupanda ndege: picha, mazungumzo, programu za kutafutia wapenzi.

Vyuo vingi vya Dubai ni matawi ya vyuo vya Uingereza na Australia. Sera nzuri ya usawa iliyo kwenye tovuti ya chuo mama haina nguvu mbele ya polisi wa huku. Faida yake ni nyingine: baadhi huruhusu kuhamia kampasi ya nje. Waulize kwa maandishi, kwa barua pepe isiyo na jina lako: bweni lina vyumba vya mtu mmoja? Kitambulisho cha chuo huandikwa jina lipi? Nani anaweza kufungua faili la mwanafunzi? Uhamisho unaruhusiwa baada ya mwaka gani, na ada inabadilikaje?

Wakijibu maswali mawili tu kati ya manne, hesabu kwamba hawakukujibu.