Mkuu, usibandike hicho kitambaa, weka mirunda kwanza

Mleta uzi simama hapo hapo. Umesema slabu yako haina bimu, imekalia nguzo tu, umepandisha juu matangi mawili ya lita 10,000 (hizo ni tani 20 za maji mkuu!), nyufa zimeanza kichwani mwa nguzo, na fundi kakwambia abandike kitambaa cha kaboni (kile cha nyuzi kinachogandishwa kwenye zege kwa gundi) kwa chini halafu apige skimu (plasta laini ya kusawazisha). Usimruhusu. Hayo hayo tulifanyiwa kwenye jengo la familia na mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Kontrakta wetu alikuja na kipande cha hicho kitambaa, akakivuta mbele yetu, "hiki kina nguvu kuliko chuma". Ni kweli ukikivuta kina nguvu, ila hakusema kitavutwa na nini. Slabu pale juu ya nguzo inavutika upande wa juu, chini inabanwa, sasa ukibandika chini kinazuia kitu gani? Na tatizo lenyewe ni nguzo kutoboa slabu. Ufa unakatiza mshazari ndani ya zege, kipande cha umbo la koni kinabaki kwenye nguzo, slabu inashuka yote. Haikupi muda kama bimu inayopinda taratibu.

Kibaya zaidi ile skimu nyeupe ilifunika kila kitu tukakaa kwa amani, mpaka injinia mwingine alipoomba ting'olewe taili za juu karibu na nguzo. Ufa ulikuwa umeizunguka nguzo duara zima, ukingo wa sarafu unaingia. Wapangaji wakahamishwa usiku ule ule, kitambaa kikabanduliwa, hela yote ikapotea, tukaanza upya.

Wolverhampton kule Uingereza, Machi 1997, slabu ya juu ya maegesho ya magari ya Pipers Row ilianguka kwa namna hii hii. Zege lilikuwa limechakaa na lilishazibwa viraka. Ilikuwa usiku wa manane, hakukuwa na mtu.

Kilichotuokoa ni bolti. Unatoboa slabu wima kuizunguka nguzo, bolti inapita juu mpaka chini, bamba la chuma na nati pande zote mbili, tundu linajazwa epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu). Mstari wa kwanza usizidi nusu ya kina cha slabu kutoka uso wa nguzo, idadi na unene apige hesabu injinia, sio fundi.

LAKINI kabla ya dril kugusa zege, toa mzigo na uegemeze. Hii ndo naisisitiza kuliko yote. Ukifunga bolti slabu ikiwa imebeba kila kitu, mzigo wa zamani unabaki kwenye zege lile lile lililopasuka, bolti zinangoja mzigo mpya tu. Weka propu za chuma zenye jeki au mirunda imara, zishuke ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini, la sivyo umeuhamishia mzigo slabu ya chini yake. Na nondo zitafutwe kwa skana kabla ya kutoboa, maana zile za juu ya nguzo zikikatwa umeidhoofisha slabu palepale inapoumwa.

Habari za bei na rangi ulizouliza watakujibu wengine. Wewe leo fungua koki za hayo matangi maji yatoke yote, na wanaolala karibu na ile nguzo, juu na chini yake, wahame kabla giza halijaingia.