Ndugu wa Chake: anza na kazi iliyokushinda

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ndugu yetu wa Chake Chake, Pemba, ameuliza jambo lililonikaa moyoni tangu jana usiku. Amefungua duka la mabango na stika, ana plota moja, mashine ya kukatia stika, mwaka bado haujatimia. Anasema mafundi wenzake wa pale mjini wanamwitikia salamu na hapo ndiyo basi. Akiuliza turubai la kuprintia mabango wananunua wapi wanageuza mazungumzo, na mara mbili mteja amechukuliwa akiwa tayari mlangoni kwake. Anataka kujua sisi wa Unguja tunaishije, na kama kuna chama cha kujiunga. Mwishoni kaongeza kwamba plota yake inakata herufi lakini kona hazifungi, yaani mistari ya mkato haikutani. Hilo la plota nitalijibu mwisho.

Ndugu yangu, chama chenye muhuri na daftari sina cha kukuelekeza. Nina watu kumi na wawili hivi ambao nikiwapigia simu saa tano za usiku, bango limechanika na shughuli ni asubuhi, wanaamka. Nikueleze nilivyowapata, maana mwanzo nilikuwa kama wewe, na hasira yangu ilizidi yako.

Duka langu liko Mlandege, mjini Unguja. Plota yangu ya kwanza niliinunua kwa pesa za upatu, zamu yangu iliangukia Novemba 2009. Waliokuwapo wanakumbuka kilichofuata. Desemba ile umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, Unguja nzima tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Nyinyi Pemba mlikuwa na majenereta yenu ya Wesha. Mimi nilikuwa na plota mpya iliyofunikwa shuka, na wenzangu wa upatu wanangoja mchango kila wiki.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi mmoja, mkubwa wangu kwa umri, ambaye nilikuwa sizungumzi naye. Tuligongana kwenye bango la skuli: nilitaja bei yangu, yeye akataja ya chini karibu kwa theluthi, kazi ikaenda kwake. Nikaamini anaharibu soko makusudi. Basi siku ya sita ya giza akavuka barabara, akasimama mlangoni kwangu akaniambia, "Fundi, mashine mpya hailazwi. Ilete kwangu, jenereta nawasha kila siku baada ya isha." Tuliibeba wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukaiweka kwenye meza yake ya kupimia. Alikuwa na stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, maana umeme wa jenereta dogo unapanda na kushuka, na plota ikizimika katikati ya neno stika yote inatupwa.

Miezi ile tulikuwa tunafanya kazi mpaka saa sita, saa saba za usiku. Mafuta tuligawana nusu kwa nusu, kodi hakutaka. Na hapo ndipo nilipoiona siri ya bei yake. Mimi nilikuwa naziacha herufi zilale mstari mmoja, kama zitakavyobandikwa ukutani, halafu nakata. Yeye alikuwa anazitenganisha kwanza kwenye kompyuta. Herufi kubwa L ina pembe tupu, basi ndani ya pembe ile anaweka namba za simu. Tumbo la O analiwekea nukta na mkato. A moja anaisimamisha, ya pili anaipindua kichwa chini ili zibanane. Kazi iliyonila mita tatu za stika yeye inamtoka kwa mita mbili na kitu, na vipande vya rangi vilivyobaki anavihifadhi kwenye bomba, kila kimoja kimeandikwa urefu wake kwa kalamu. Alikuwa haharibu soko hata kidogo. Alikuwa anajua kupanga, na mimi sikuwa najua. Nisingepeleka plota yangu kwake, ningekaa na chuki ile mpaka leo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, wapi pa kuanzia, nakujibu hivi: anza na kazi iliyokushinda. Kazi yetu hii haitoki kwa mtu mmoja. Chukua bango la duka lenye herufi za kuwaka. Fremu ni ya mchomeleaji, akriliki ni ya mwenye mashine ya leza, taa za LED na waya ni za fundi umeme, uso wa nyuma wa Alucobond (bati mbili nyembamba za alumini zenye plastiki katikati) unakata wewe, na kupandisha kunataka watu watatu na ngazi mbili. Ukimkubalia mteja kisha ukajaribu yote peke yako, utalichelewesha na utalipandisha limepinda. Mara ya kwanza itakapokuja kazi ambayo huna mashine yake, usimrudishe mteja wala usibahatishe. Mchukue mwenzio mmoja kati ya hao wanaokuitikia salamu tu, mpelekee sehemu yake, na umlipe kabla hujalipwa wewe. Hilo la kumlipa kwanza limefungua milango mingi kuliko maneno yote niliyowahi kuzungumza. Na ikiwa kazi yote ni yake na wewe hapo huna lako, mpe yote, usidai cha juu. Atakukumbuka.

Kuhusu kuchukuliwa wateja, naelewa uchungu wake. Sisi tuna ada moja ambayo haijaandikwa popote: mteja aliyeletwa na fundi ni wa fundi. Nikipeleka turubai likaprintiwe kwa mwenye mashine kubwa, yeye hatii namba yake ya simu pembeni ya bango, na mteja akimfuata kwa mlango wa nyuma ananipigia kunijulisha. Kuna mwaka mwenzetu mmoja aliivunja. Hatukumtangaza. Mzee wetu mmoja alitukalisha wawili barazani kwake, akaagiza kahawa, akatuacha tuseme mpaka tumalize. Kazi ilirudi kwangu, na kazi iliyofuata nilimpa yeye makusudi. Ila elewa pia kwamba mteja aliyesimama mlangoni kwako akiuliza bei bado hajawa wako. Wengine wanazunguka maduka yote ya mji kabla ya kutoa shilingi. Katika mara hizo mbili zako, huenda moja ilikuwa hivyo.

Turubai na stika: wanakuficha kwa sababu wanadhani utanunua kule kule wanakonunua wao, kisha uwashushie bei. Nenda na pendekezo badala ya swali. Mzigo wetu sisi mwingi unatoka Kariakoo, na turubai la kuprinti linauzwa kwa roli, upana unafika mita 3.2 na urefu mita 50. Duka moja dogo kumaliza roli kama hilo linachukua muda, na likikaa vibaya kwenye joto na unyevu linaingia mikunjo na rangi haishiki sawasawa. Sisi tunaagiza wanne kwa pamoja, mmoja anavuka na boti asubuhi, anaangalia roli kwa macho yake kabla ya kulipa, jioni karudi. Nauli tunagawana. Nyinyi wa Pemba mna safari ndefu zaidi na gharama zaidi, kwa hiyo faida ya kuagiza pamoja kwenu ni kubwa kuliko kwetu. Mtafute mmoja tu akubali, mfanye mara moja, wengine watauliza wenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo vijana wa plota tunalisahau, nalo ni wazee wa brashi. Nilipata kazi ya bango la madrasa, jina kwa Kiarabu juu, Kiswahili chini. Nikakata, nikachambua mabaki ya stika, nikabandika kwa maji ya sabuni ili nisipate mapovu, nikaliegemeza ukutani nje likauke. Nilikuwa nimeridhika nalo sana. Mzee mmoja aliyeandika mbao za maduka na majina ya majahazi kabla sijazaliwa alikuwa anatoka sala ya alasiri. Akasimama. Hakusema neno, aliweka ncha ya kidole juu ya herufi moja akanitazama. Nukta ya khe ilikuwa haipo. Ilikuwa imeng'oka pamoja na mabaki, kipande kidogo kama punje ya mtama, na neno "kheri" limekuwa neno jingine kabisa. Bango lile lilikuwa lipandishwe kesho yake, mbele ya wazee na watoto wanaojifunza kusoma.

Akaomba kiti. Akachora kwenye boksi tupu kwa penseli ya seremala, akanionyesha kwamba nukta ya khati, mwandiko wa Kiarabu wa kalamu, haina umbo la duara kama niliyokuwa nakata mimi. Ina pembe nne, ni alama ya kalamu ilipokanyagwa mara moja, na hiyo nukta ndiyo kipimo cha herufi zote: alifu urefu wake unahesabiwa kwa nukta, mkunjo wa nuni unahesabiwa kwa nukta. Nilikuwa na miaka kadhaa kazini na sikuwahi kulisikia hilo. Tangu siku ile kila kazi yangu ya Kiarabu inapita mikononi mwake kwanza, na ana fungu lake kwenye bei, nalihesabu kama ninavyohesabu stika. Tafadhali, pale Chake au Wete mtafute mzee wa namna hii kabla hajaondoka. Wapo, na wengi wamekaa bila kazi kwa sababu yetu sisi.

Elimu nyingine ndogo ndogo zote nimezipata kwa watu. Mchomeleaji mmoja ndiye aliyenikataza kufunga alumini kwa skrubu za chuma cha kawaida karibu na bahari. Vyuma viwili tofauti na chumvi kati yao, kutu linakula haraka, na msimu mmoja wa kusi unatosha kuacha machozi ya rangi ya kahawia ukutani kwa mteja. Pwani tunatumia stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, ya daraja la 316, ni ghali kuliko 304 lakini inahimili chumvi. Seremala mmoja wa Mji Mkongwe naye aliniokoa na hasara: nilikuwa nimeshapokea oda ya bango la akriliki la kuwaka kwa nyumba ya wageni kule ndani, sijanunua hata karatasi moja. Akaniuliza kama mteja ana kibali. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ukutani mwake hutundiki bango bila idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Tukamshauri mteja achukue ubao wa kuchonga wenye herufi za rangi, seremala akachonga, mimi nikapiga rangi, mzee wa brashi akamalizia kingo. Watatu tukala kazi moja, na mteja alifurahi kuliko ambavyo angefurahi na taa.

Kundi la WhatsApp tunalo. Linafaa kwa "nani ana mita mbili za stika ya kijani leo" na "fulani kafiwa, maziko baada ya adhuhuri". Kwa kujenga imani halifai, usianzie hapo. Tulipoanza na kundi mwanzoni lilijaa picha za kujisifu na kutupiana maneno kuhusu bei. Lilitulia tulipokuwa tumeshashikiana ngazi.

Na hiyo ngazi naisema kwa maana yake yenyewe. Miaka michache nyuma mwenzetu aliteleza akiwa juu peke yake, akavunjika mguu, na alikuwa ameshapokea malipo ya awali ya kazi nne. Tulikwenda sita. Tukazigawa zile kazi, tukazimaliza kwa jina lake, na pesa zote zikaenda nyumbani kwake. Hakuna aliyeitisha kikao. Tangu hapo hakuna anayepanda peke yake, na karibu na nyaya za umeme hapandi mtu kabisa mpaka zimezimwa. Hata kama bado hamsalimiani vizuri na fundi wa jirani, ukimuona juu ya ngazi vuka ukaishike.

Sasa plota. Kona zisipofunga, usikimbilie kununua kisu kipya. Ncha ya kisu haikai katikati ya mhimili wake, imesogea pembeni kidogo ili iweze kugeuka, na mashine lazima iambiwe imesogea kiasi gani. Kwa visu vingi ni milimita 0.25. Ingia kwenye mpangilio wa mashine, utafute namba hiyo, inawezekana mtu aliibadilisha au imerudi sifuri. Kisha shika kishikio cha kisu kwa vidole: kikicheza, kaza. Punguza na urefu wa kisu kilichotokeza, kitokeze kidogo tu, kama nusu ya unene wa kadi ya benki. Kata mraba mdogo wa majaribio, uutoe. Stika iwe imekatika yote na karatasi ya nyuma iwe na mkwaruzo mwepesi tu.

Ikigoma baada ya hapo, njoo nayo. Ukishuka bandarini Malindi, Mlandege ni karibu, na baada ya alasiri mara nyingi tunakuwa watatu au wanne pale nje. Chukua na vipande vya stika ulivyokata vibaya, usivitupe, hivyo ndivyo vitakavyotuonyesha kasoro iko wapi.