Kwa nini jeshi la Urusi halikuziacha setilaiti za Molniya baada ya 1991?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nimesoma kwamba miaka ya 1990 jeshi la Urusi liliendelea kurusha setilaiti za mawasiliano za Molniya, ambazo hazitulii mahali pamoja angani, ilhali Warusi walishajua zamani kuweka setilaiti juu ya ikweta. Ni ufukara wa baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, au ipo sababu ya kitaalamu? (Msomaji, Kisumu)

Jibu: Marahaba. Ufukara ulikuwapo na uliwaumiza sana, lakini si uliowafanya waishikilie Molniya. Sababu ya msingi ni latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta. Baada ya 1991 ikaongezeka nyingine ambayo watu wengi huisahau, nayo ni mipaka ya nchi.

Latitudo wewe wa Kisumu utaielewa upesi. Setilaiti za kijeshi za Raduga, ambazo ndizo zilizokaa juu ya ikweta zikionekana kutulia mahali pamoja, zilikuwa na nafasi kadhaa, na mojawapo ni nyuzi 35 mashariki. Sehemu hiyo ya ikweta iko mashariki kidogo ya mji wako. Ungekuwa na dishi ya kunasa mawimbi yake, ungeielekeza utosini kabisa. Sasa ipeleke dishi hiyo Severomorsk, makao makuu ya Kikosi cha Meli cha Kaskazini, nyuzi 69 kaskazini, karibu kwenye longitudo ileile. Pale italazimika kuinama hadi nyuzi 12 tu juu ya upeo wa macho, na kilima chochote kilicho mbele yake kinakuwa tatizo. Meli ikisonga hadi nyuzi 80, setilaiti inabaki nyuzi 1 na kidogo juu ya maji. Ukipita nyuzi 81 huioni tena. Na Aktiki ndiko Urusi ilikoweka sehemu kubwa ya nguvu zake za majini.

Molniya, ambayo ya kwanza kufaulu ilirushwa tarehe 23 Aprili 1965, ililitatua tatizo hilo kwa obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, iliyorefuka kama yai. Upande wa kusini inapita kilomita mia chache tu kutoka ardhini, ikikimbia takriban kilomita 10 kwa sekunde. Upande wa kaskazini inapanda hadi karibu kilomita 40,000, na huko juu mwendo wake unashuka hadi kilomita 1.5 kwa sekunde. Mzunguko mzima ni saa 12 hivi, na kama saa 8 kati ya hizo inazitumia kaskazini, ikisogea polepole kiasi kwamba dishi kubwa la ardhini linaifuata bila taabu. Ikianza kuteremka, nyingine inakuwa imeshapanda kuchukua zamu.

Kuna hesabu moja hapa ambayo naipenda kuliko zote katika fani hii. Dunia si tufe kamili, imetuna kidogo kwenye ikweta, na ule mtuno huivuta obiti ya yai ikawa inageuka taratibu, ncha zake zikihama. Ungeachwa hivyo, ule upande wa mbali ungeondoka kaskazini baada ya muda na setilaiti ingekuwa inahudumia watu wasiohusika. Lakini obiti ikiinamishwa nyuzi 63.4 kutoka ikweta, mgeuko huo unakuwa sifuri. Ndiyo maana Molniya ziliwekwa karibu na mwinamo huo. Wamarekani nao, ambao fedha hazikuwa tatizo lao, walitumia obiti ya aina hii kwa setilaiti zao za kijeshi za kupitishia taarifa.

Sasa mipaka. Raduga ilibebwa na roketi ya Proton kutoka Baikonur, na kufikia mwisho wa 1991 Baikonur ilikuwa ndani ya nchi nyingine, Kazakhstan. Mkataba wa kuikodisha ulikuja Machi 1994, dola milioni 115 kwa mwaka. Tarehe 5 Julai 1999 Proton iliyobeba Raduga iliharibika safarini, vipande vikaanguka mkoa wa Karaganda, na serikali ya Kazakhstan ikasimamisha urushaji. Jeshi la taifa moja likawa linasubiri ruhusa ya taifa jingine ili lirushe setilaiti yake. Strela-3 nazo, setilaiti ndogo zinazopokea ujumbe, kuuhifadhi na kuushusha zikifika kwingine, zilirushwa sita kwa mpigo na roketi ya Tsyklon-3, iliyotengenezwa Dnipropetrovsk, Ukraine.

Ilinganishe na Molniya. Setilaiti ilitoka Krasnoyarsk-26, Siberia, kwenye taasisi aliyoiongoza Mikhail Reshetnev hadi kifo chake Januari 1996. Roketi ilitoka Samara. Urushaji ulifanyika Plesetsk, mkoa wa Arkhangelsk, ndani ya Urusi yenyewe. Tena Plesetsk iko karibu nyuzi 63 kaskazini, hivyo roketi ikielekezwa mashariki moja kwa moja inaingia kwenye mwinamo unaotakiwa bila kupoteza mafuta kwa kukata kona. Kwa maoni yangu, katika miaka ile hapakuwa na mfumo mwingine wa mawasiliano ya kijeshi ya anga ambao Urusi iliushika mkononi mwake kiasi hicho.

Ufukara uliuma kwenye uhai wa setilaiti. Molniya ilikusudiwa kudumu miaka michache tu. Kila siku ilikatiza mikanda ya mnururisho (chembe zenye nishati kubwa) inayoizunguka Dunia mara kadhaa, na paneli zake sita za sola, zilizotandazwa kama petali, zikachakaa haraka. Vifaa vya elektroniki vilikaa ndani ya chombo kilichozibwa na kujazwa gesi, feni zikiizungusha ili joto lisirundikane. Gesi ikivuja, kila kitu ndani kinapata joto kupita kiasi na setilaiti imekwisha. Enzi za Kisovieti hilo halikuwa kosa, maana viwanda vilitoa setilaiti na roketi mfululizo, na iliyokufa ilipata mbadala upesi. Setilaiti za mawasiliano ya kijeshi za Marekani za DSCS III zilibuniwa kudumu miaka 10. Bajeti ilipokatika, aliyetegemea vifaa vya miaka 10 angeweza kuvumilia, lakini aliyetegemea vya miaka miwili mitatu alianza kupungukiwa mara moja. Ndiyo maana miaka ya 1990 setilaiti nyingi za Urusi ziliendelea kutumika ilhali muda wake ulishapita, zikichungwa kutoka ardhini na wahandisi ambao mishahara yao ilichelewa. Mimi nawaheshimu sana watu wale.

Kwa hiyo kilichohitaji kubadilishwa ni setilaiti yenyewe, si obiti. Mrithi wake, Meridian, alirushwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 2006, kutoka Plesetsk, kwenye obiti ya yai vilevile.